Sauti ya Upande wa Kushoto

Mama yangu alikuwa na sauti ya namna gani?

Nimelibeba swali hili tangu nilipong'amua kwamba watoto wenzangu huitwa na mama zao kutoka dirishani. Sura yake ninaijua. Picha yake imetundikwa sebuleni kwetu, hapa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya tatu: mwanamke mwembamba mwenye mwanya, ushungi umemteleza kidogo, akimtazama mtu aliyesimama pembeni ya mpiga picha. Lakini picha haisemi. Alifariki nikiwa sijatimiza miaka miwili, na katika kumbukumbu zangu zote hakuna hata neno moja lililotoka kinywani mwake.

Utotoni nilimuuliza baba. "Ilikuwa nzuri," alijibu, kisha akatafuta kazi ya kufanya. Mwaka huu, chuoni, somo letu la historia ya jamii lilitutaka turekodi simulizi za wazee. Nilizunguka Magomeni na Ilala nikarejea na simu iliyojaa sauti za mabibi na mababu wa watu wengine, na ndipo nilipomuuliza baba kwa mara ya pili, safari hii kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima.

Baba yangu, Abdulkadiri, ni muuza nyuzi na vifungo, mtu asiyetumia maneno mawili pale ambapo moja linatosha. Tulikuwa tunakula. Akaacha kula.

"Zamda," alisema, "maneno yake ninayo yote. Alichosema siku hii, alichosema siku ile. Lakini nikijaribu kuyasikia, nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe. Ya kwake imenitoka. Sijui ilinitoka lini."

Akanawa mikono na nusu ya wali ikiwa bado sahanini. Niliona kwamba ameona haya, kama mtu aliyekabidhiwa amana akaipoteza. Tangu hapo swali halikuwa langu peke yangu.

Palikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo sauti ile ingeweza kuwa imebaki. Mama mdogo Nasreen, mdogo wake mama, alipoolewa alifanyiwa kichen pati, na marehemu mama yangu akiwa dada mkubwa alisimama kumpa maneno. Shughuli yote ilirekodiwa kwenye DVD. Hata hivyo, baba hakuwahi kuiona diski hiyo, wala mjomba yeyote, wala fundi yeyote wa Kariakoo. Kichen pati ni ya wanawake. Mle ndani watu huvua mitandio, hucheza, hufundishana mambo ambayo wake za watu hawayasemi barazani, na wote huingia kwa ahadi kwamba hakuna jicho la mwanamume litakalofika. Hata aliyerekodi alikuwa mwanamke: mama Candida, jirani yetu wa zamani kutoka Songea, ambaye wakati huo ndiye pekee katika mtaa mzima aliyekuwa na kamera ya video na akiijua kazi yake.

Nilimbembeleza mama mdogo mwezi mzima. Mwishowe akakubali kwa masharti: tuitazame siku ya Ijumaa, baba akiwa msikitini, nisiirekodi kwa simu, na yeye arudi nayo Magomeni siku hiyo hiyo.

"Si kwamba sikuamini, mwanangu," aliniambia akivua viatu mlangoni Ijumaa hiyo. "Lakini kuna wanawake humu kwenye CD siku hizi ni mahajati. Wanaamini CD hii iko chini ya godoro langu, na chini ya godoro langu ndiko inakokaa."

"Shikamoo mama mdogo. Nimekuelewa."

"Marahaba. Deki yenu inafanya kazi? Kwangu walishaitupa."

Deki yetu ilikuwa imefunikwa kitambaa juu ya kabati kwa miaka mingi, na rimoti yake ilifungwa kwa raba ili betri zisidondoke. Bibi Sitara, mama yake baba, alikuwa ameshajikalia mkekani na kashata zake, akisubiri kama anayesubiri mpira. Baba alipochukua kofia yake na kushuka ngazi, nilichomeka zile waya tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu, nyuma ya runinga, nikaitia diski.

Picha ilikuja nyeusi na nyeupe, ikipanda juu kama pazia linalovutwa na upepo.

"Basi tena," mama mdogo akasema. "Imekufa."

"Haijafa. Ni mfumo wa picha tu." Nikaingia kwenye menyu ya deki, nikabadilisha mfumo, na picha ikatulia ikapata rangi. Lakini rangi yenyewe ilikuwa ya kijani, na wageni wote walikuwa wamepanuka kama wameketiwa.

"Huyu bonge aliyefunikwa kanga ni nani?" bibi akauliza.

"Ni mimi, mama! Jamani, Zamda, nirekebishe! Mimi sikuwa mnene hivi."

"Ulikuwa. Wiki nzima ulikula vitumbua vya wageni."

"Usinisingizie mbele ya mtoto."

Nilikuwa nacheka huku nikibonyeza rimoti. Runinga yetu ni pana, na diski ile ilitengenezwa enzi za runinga zenye chogo na kioo chembamba. Nikachagua umbo la zamani la picha, na mama mdogo akarudi kuwa msichana mwembamba aliyeinamishwa kichwa chini ya kanga ya kisutu ya bibi harusi. Nikapunguza kijani, nikaongeza wekundu kidogo kidogo, mpaka nyuso zikawa nyuso za watu. Ndipo nilipomwona. Aliinuka kutoka mkekani, akajifunga kanga kiunoni, akapokea maiki, akaigonga mara mbili kwa ukucha.

Midomo yake ikaanza kwenda. Na katika chumba chetu ikasikika taarabu.

Si kwamba taarabu ilikuwa nyuma ya maneno yake. Ilikuwa mahali pa maneno yake. Violini na kinanda vilijaza pote, mama akifungua kinywa, akipunga mkono, akisubiri, na ukumbi wote ukiangua kicheko ambacho nacho hakikusikika.

"Ndivyo ilivyo mpaka mwisho," mama mdogo alisema kwa upole. "Nilidhani unajua. Siku zile kila CD ya shughuli iliwekewa muziki. Watu walitaka waitazame wakicheza. Nani angekaa kusikiliza mawaidha mara mbili?"

"Lakini wewe ulikuwepo. Alisema nini?"

"Nilikuwa chini ya kanga nalia, Zamda. Nakumbuka watu walicheka sana. Basi."

Nilitazama picha ile. Kama diski isingekuwa na sura yake kabisa, ingekuwa afadhali. Chini, mtaani, vipaza sauti vya wamachinga vilikuwa vimenyamaza kwa ajili ya sala, na ule utulivu mfupi ambao Kariakoo huupata mara moja kwa wiki ulikuwa unapita bure.

Sikukubali. Nilifungua menyu ya sauti. Deki yetu iliwahi kutumika kwa karaoke, kwa hiyo ilikuwa na sauti za kila namna: sauti ya ukumbi, sauti ya sinema, sauti ya uwanjani, sauti ya kanisani. Nilizipitia zote. Taarabu ilipanuka, ikasinyaa, ikapata mwangwi.

"Ya msikitini haipo?" bibi aliuliza akitafuna.

"Mama, mwache mtoto."

Nikapandisha besi, nikaishusha. Nikarudi kwenye rimoti yenyewe na kuanza kubonyeza vitufe vyote, kimoja baada ya kingine. Kimoja kilileta maandishi juu ya kioo: herufi R peke yake. Taarabu ikazidi kung'aa, ikawa kama imetoka studio leo.

"Umeiongeza!" mama mdogo alilalamika.

Nikabonyeza tena. Ikaja herufi L. Taarabu ikakatika kama waya uliokatwa.

Kwanza ulikuja mngurumo wa jenereta. Kisha vijiko kwenye vikombe, feni, mtoto akilia kwa hasira. Kisha mwanamke mmoja, karibu sana, akasema:

"Mshikeni huyo Zamda, jamani! Mama yake anaongea!"

Sentensi ya kwanza niliyoisikia kutoka kwa mama yangu ilikuwa na jina langu, na alikuwa ananikaripia.

Sikuweza kushika rimoti. Ilianguka mkekani, betri moja ikabiringika, na mama mdogo Nasreen akaigandamiza kwa kiganja kama mtu anayekamata panzi. Sikuwa nimejiandaa kwa sauti ile. Miaka yote nilikuwa nimemtungia mama sauti nyembamba na laini, sauti ya malaika wa vitabuni. Aliyezungumza pale alikuwa na sauti nzito, yenye mkwaruzo wa mtu aliyeamka sasa hivi, na alicheka kabla hajamaliza sentensi zake, kwa hiyo maneno ya mwisho yalitoka yakiwa yamelowa kicheko. Ilikuwa bora kuliko niliyoitunga. Ilikuwa ya mtu.

"Saumu," bibi akasema polepole, akilitamka jina la mama. "Saumu huyu hapa."

Nikapunguza besi ili jenereta lirudi nyuma, nikaongeza sauti za juu ili herufi zisikike vizuri, nikairudisha diski mwanzo wa maneno. Tukasikiliza.

Baadaye mama Candida alinieleza kwa simu kwa nini ilikuwa hivyo. Alijifunza kutoka kwenye diski za karaoke, ambazo huweka muziki upande mmoja na mwimbaji upande wa pili. "Wateja walitaka nyimbo, mwanangu, na mimi nikawapa nyimbo," alisema. "Lakini kufuta maneno ya mtu niliona si vizuri. Nikawa nayaacha upande wa kushoto, kwenye hiyo L. Niliwaambia wote. Hakuna aliyewahi kubonyeza." Nilimshukuru mpaka akaniomba niache, kwa sababu alikuwa sokoni na watu walikuwa wanamtazama akilia.

Maneno ya mama yalikuwa haya. Ninayaandika kama alivyoyasema.

"Nasreen, mdogo wangu. Tangu asubuhi hawa wanakufundisha mume anataka nini. Upike hivi, unukie hivi, ulale hivi. Sawa, yashike. Mimi nitakwambia jambo moja tu: mtazame mume wako anafanya nini wakati anapodhani hakuna anayemwona. Mimi Kadiri wangu, mnamjua nyote, hata salamu anaitoa kwa kipimo. Sasa mtoto huyu wangu, huyu anayepiga kelele hapa, tumbo lilimsumbua miezi mitatu. Nepi zilikuwa mlima. Mimi nalala jioni nimezilundika kwenye beseni, naamka asubuhi ziko kwenye kamba, nyeupe pe! Nikasema, jamani, nyumba hii ina majini?"

Kicheko.

"Alfajiri moja nikachungulia roshani ya nyuma. Taa imezimwa. Yuko Kadiri, amechuchumaa gizani, anafikicha nepi. Amezima taa majirani wasimcheke! Akimaliza anaanika, anajipangusa mikono, anarudi kitandani, halafu... halafu anakoroma! Na yule mwanamume hakoromi! Akikoroma ujue anajifanya!"

Ukumbi ulilipuka. Mtu alipiga vigelegele, mwingine alipiga sahani. Mama mdogo Nasreen, hapa mkekani, alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, mkono mdomoni. Kwenye kioo mama alisubiri watulie, na aliposema tena alikuwa hafanyi mzaha.

"Sijamwambia kwamba najua. Namwachia siri yake, ana raha nayo. Lakini nitamwambia. Idi Kubwa, Inshallah, tukiwa wote pale nyumbani, mama mkwe akiwepo, ndugu zake wakiwepo, nitamshukuru mbele ya watu mpaka aone haya. Basi, Nasreen, mimi ndiyo zawadi yangu hiyo. Na hili sufuria."

Akalitoa sufuria, watu wakacheka tena, akaketi. Nikasimamisha diski.

Mama yangu hakuifikia Idi Kubwa ile. Homa ilimchukua kabla ya mwezi kuandama. Sote watatu tulilijua hilo.

Bibi Sitara aliiweka kashata yake chini. "Mwanangu Kadiri," alisema. "Akifua nepi." Akahesabu kitu kwa vidole. "Ndiyo maana sabuni ilikuwa inakwisha. Mimi nilimgombeza Saumu kwa sababu ya sabuni ile. Nikamwambia hajui kubana matumizi. Akaniambia, 'Nisamehe mama, nitajirekebisha.' Hakusema hata neno moja la kujitetea." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mungu amlipe. Alimtunzia mwanangu heshima yake hata kwangu mimi."

Nilikaa katikati ya wanawake hawa wawili nikihisi nimetajirishwa kupita kiasi. Nilikuja kutafuta sauti, na sauti ikanifungulia mkononi ndoa nzima. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mama Candida kabla hata sijampigia simu, nikamshukuru mama mdogo kwa kuihifadhi diski ile chini ya godoro. Lakini nilikuwa ninamfikiria pia mtu mmoja aliyekuwa ameinama msikitini wakati huo, ambaye alifua gizani na kukoroma kwa uongo, na ambaye mpaka leo alidhani hakuna aliyemwona.

"Mama mdogo," nikasema, "baba aisikie."

Alijua ningesema hivyo. Alikuwa ameshaweka mkono juu ya deki.

"Zamda, hapana. Usinitie majaribuni. Wale wanawake walivua mitandio yao kwa sababu tuliwaahidi. Nikivunja leo kwa ajili ya shemeji, kesho nitavunja kwa ajili ya nani?"

"Hataona picha. Ataisikia sauti tu, tena ya mke wake. Nitaanza anapogonga maiki, nitasimamisha anapotoa sufuria."

"Na vigelegele? Na wale wanaocheka?"

"Kucheka kwao kunasikika hata na wapita njia, siku yoyote ya shughuli."

Sikuona vyema kumshindilia maneno, kwa sababu hoja yake ilikuwa ya haki. Mimi mwenyewe ninaamini kwamba ahadi waliyopeana wanawake ina uzito sawa na mkataba wowote uliotiwa muhuri na mawakili wa Posta. Nikaingia kwenye menyu ya picha. Nikashusha mwanga mpaka sifuri, nikashusha rangi, nikashusha kila kilichoweza kushushwa, kisha nikaiendesha diski kidogo. Kioo kilikuwa cheusi; hata hivyo, ukikikazia macho, uliweza kuona vivuli vikitembea, na kivuli kimoja kilikuwa wazi kuwa kinacheza.

"Unaona?" mama mdogo alisema. "Yule ni mke wa Bushiri. Hata kiuno chake naweza kukitambua gizani."

"Nyie watoto wa siku hizi mna shida," bibi akasema. Akajikongoja akainuka, akaivua kanga aliyokuwa amejitanda mabegani, akaitupa juu ya runinga, akaivuta pembe mpaka ikafunika kote. "Mnahangaika na vitufe, kanga ipo. Kuna kiuno hapo?"

Mama mdogo aliitazama ile kanga. Aliangalia deki, kisha akaangalia ukutani, ilipo picha ya dada yake. "Mama," alimwambia bibi kwa sauti ya chini, "naogopa watanilaumu."

"Watakaokulaumu wangapi walimjua Saumu?"

"Wote."

"Basi, wataelewa."

Vipaza sauti vya chini vilianza tena, kimoja baada ya kingine: kanga dazeni, kanga dazeni, mama njoo uchague. Sala ilikuwa imekwisha. Haikupita muda tukasikia ndala ngazini, na kile kikohozi ambacho baba hukitoa kwenye kona ya ghorofa ya pili ili wageni wa kike, kama wapo, wapate kujitanda. Mama mdogo akauvuta mtandio wake kichwani. Mkono wake ulikuwa bado juu ya deki, kidole kikiwa karibu na kile kitufe cha kutolea diski.

"Hodi!" baba aliita nje ya mlango.

"Subiri kidogo, baba," nikajibu.

Nikasimama. Nilihakikisha herufi iliyochaguliwa ni L, na kwamba diski imerudi pale mama anapogonga maiki. Kisha niliwageukia wote wawili, nikasema kwa sauti niliyoijua kuwa yangu na ambayo, kwa mara ya kwanza, niliisikia ikiwa na mkwaruzo kidogo:

"Mama mdogo, CD yako utaondoka nayo leo kama tulivyoahidiana, na hakuna mwanamume atakayeiona. Lakini mama alisema atamshukuru baba mbele ya watu, na watu ni sisi. Baba ataisikia sasa hivi. Mimi nitamfungulia mlango."